Ya wazi au ya kufunika? Maswali ya wasomaji kuhusu sandwichi

Toleo lililopita tuliandika kwamba kwenye sandwichi nyingi slesi ya juu haina kazi, na wasomaji wakatujia juu. Wengine wametuunga mkono, wengine wametuambia tusizoee mambo ya hotelini. Tumechagua maswali matano ambayo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

Ofisini kwetu tunaandaa chai ya saa nne kwa wageni 30 na tumegawanyika. Mwenzangu anataka sandwichi za wazi zipangwe kwenye sinia kwa sababu zinapendeza machoni. Mimi nasema tufunike. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam*

Kwa ladha peke yake, mwenzako ana hoja. Slesi ya kawaida ina gramu 30 hivi. Ukitia gramu 60 za mayai au kuku kati ya slesi mbili, nusu ya kila tonge ni mkate. Gramu hizohizo ukiziweka juu ya slesi moja, mkate unabaki theluthi. Ndiyo maana tulisema tulichosema, na hatujabadilika.

Lakini wageni wako watakuwa wamesimama, kikombe mkono huu na simu mkono ule, na sinia litakaa mezani mpaka maneno yaishe. Hapo sandwichi ya wazi hukauka juu na kulowa chini kwa wakati mmoja. Vipande vya yai vinakunjamana kingo, parachichi linageuka kahawia, na nzi wanapata uwanja. Ukitaka kupima mzozo wowote wa aina hii, uliza kwanza itapita dakika ngapi kati ya kupaka na kula. Chini ya nusu saa, na watu wamekaa wana sahani: ya wazi. Zaidi ya hapo, funika.

Kwa hiyo funikeni. Kwa watu 30 tengenezeni sandwichi 35, yaani slesi 70, kila sandwichi ikatwe pembetatu nne. Kila mgeni atapata nne, na zitabaki 20 za wale wanaorudi mara ya pili. Dukani hesabu slesi, usihesabu mikate, maana idadi hutofautiana kiwanda hadi kiwanda, na vile vipande viwili vya mwishoni havifai.

Siagi ni gramu 5 kwa kila slesi, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, hivyo nunueni gramu 350. Tuseme 18 ziwe za mayai na 17 za kuku. Za mayai zinataka yai moja na vijiko viwili vya chai vya mayonezi kwa kila sandwichi. Za kuku zinataka gramu 45 za nyama iliyoiva na kuchambuliwa na gramu 15 za mayonezi, kwa hiyo tafuteni karibu gramu 800 za nyama isiyo na mfupa. Mayonezi kwa jumla ni gramu 450.

Mayai yachemke dakika 10, kisha yaingie kwenye maji baridi. Ukishayamenya, yafute maji kwa kitambaa kabla ya kuyaponda kwa uma, na usiyaponde mpaka yawe uji. Kitunguu kikatwe kidogokidogo, kioshwe, kikamuliwe. Chumvi itiwe mwisho kabisa, kwa sababu huvuta maji kutoka kwenye kitunguu na hoho, na mchanganyiko uliotiwa chumvi usiku unakuwa mchuzi asubuhi.

Sasa siagi. Watu wengi huona siagi ni ya ladha tu, kumbe kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie kwenye mkate. Ipakwe mpaka ukingoni, slesi zote mbili. Tatizo la Dar ni joto: siagi huanza kuyeyuka ikifika nyuzi 32 hivi, na siagi iliyoyeyuka haikai juu ya mkate, inazama ndani na kuacha vitundu vyake wazi. Ipake ikiwa laini ila haijawa mafuta, kisha panga slesi kwenye sinia ziingie kwenye friji dakika 10 igande ndipo uweke mayai. Mayonezi haiwezi kushika nafasi hiyo vizuri, ingawa nayo imejaa mafuta, kwa sababu mafuta yake yanaelea ndani ya maji na maji hayo hupata njia.

Ngozi za pembeni zikatwe baada ya kujaza, si kabla, ili kingo zitoke sawa. Tumia kisu cha meno, ukivute kama msumeno bila kukandamiza, na usipange zaidi ya sandwichi tatu kwa mpigo. Futa kisu kila baada ya mikato michache. Zikishakatwa zifunike kwa karatasi ya kuokea na juu yake kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa sana. Toka friji hadi mdomoni zisizidi saa mbili. Kama ukumbi hauna kiyoyozi na joto limepita nyuzi 32, saa moja.

Na ili mwenzako asiondoke mnyonge: mwachieni sinia moja la sandwichi za wazi, kila moja mraba wa sentimita 4: mkate uliokaushwa kwenye tosta, siagi, jibini na tango. Litoke jikoni wageni wakiwa wameshaingia.

Mwanangu yuko darasa la tatu. Namfungia sandwichi ya nyanya na yai saa kumi na mbili asubuhi, saa nne akifungua imelowa na anarudi nayo. Nimeambiwa nibadilishe nimwekee ya wazi. Itasaidia?
*Mama msomaji, Likoni, Mombasa*

Hapana Mama, ya wazi itabandukia kwenye kifuniko cha kontena na mtoto atakula kwa kidole. Kufunika si kosa. Kosa ni nyanya kukaa kifua kwa kifua na mkate kwa saa nne.

Nyanya ni maji karibu yote, na ukiikata na kuitia chumvi yale maji yanatoka. Basi yatoe mwenyewe kabla hayajatokea kwenye begi. Kata nyanya vipande vya milimita 5, toa mbegu na ule utelezi wake, nyunyiza robo kijiko cha chai cha chumvi kwa nyanya mbili, ziache kwenye chujio dakika 15. Zifute kwa karatasi ya jikoni pande zote mbili. Utashangaa kilichobaki chini ya chujio.

Kisha mpangilio. Siagi slesi zote mbili hadi ukingoni. Juu ya siagi ya chini weka jani la saladi lililokaushwa kabisa au kipande cha jibini, ndipo nyanya, kisha jani au jibini jingine, kisha slesi ya juu. Slesi ya chini ndiyo huumia zaidi, maana uzito wote uko juu yake na maji hushuka. Wanaofunga sandwichi wakaiweka kontena kwa ubavu wana akili zao.

Usifunge mkate ukiwa wa moto. Ukitoka kwenye tosta, usimamishe dakika tatu au nne mvuke utoke pande zote, kwa sababu mvuke ukikwama ndani ya foili unageuka maji, na hapo hata siagi haikuokoi. Njia rahisi kuliko zote ni kumwekea nyanya kwenye kikopo chake. Darasa la tatu anaweza kuzipanga mwenyewe.

La yai ni zito zaidi ya kulowa. Yai lililochemshwa na kumenywa halitakiwi kukaa saa nne kwenye begi kwa joto la Mombasa. Watu humlaumu mayonezi, lakini ya dukani ina siki ya kutosha na si yeye anayeharibika kwanza. Kinachoharibika ni yai, kuku au samaki uliochanganya nayo kwa mikono na vyombo. Mayonezi ya kujitengenezea kwa mayai mabichi ndiyo usimpe mtoto ya kubeba hata siku moja. Ukitaka lazima yai liende, gandisha kichupa cha maji cha nusu lita usiku kucha, kikae begini ubavuni mwa kontena. Bila barafu, mpe siagi ya karanga na ndizi: hazina cha kuoza ndani ya saa nne. Ndizi iwe imeiva bila kulegea, ikatwe kwa urefu, na siagi ya karanga ipakwe slesi zote mbili.

Mpwa wangu amehamia Copenhagen. Anasema kule mkate mmoja wenye vitu juu unaliwa kwa kisu na uma, na ni chakula kamili cha mchana. Nimejaribu hapa kwa mkate wa slesi, ukakunjika ukamwaga kila kitu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Arusha*

Umekosea mkate. Chakula anachokisema mpwa wako ni smørrebrød, na msingi wake ni mkate mweusi wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi ya kaskazini. Unaumuliwa kwa chachu ya asili, mara nyingi una punje nzima ndani, na ni mzito kama tofali. Hukatwa mwembamba, milimita 7 hadi 8, na bado haukunjiki. Mkate wetu laini wa slesi umejaa hewa, umetengenezwa kukandamizwa kati ya vidole. Kipimo ni hiki: shika slesi kwa ncha moja ikiwa imelala hewani. Ikiinama, haifai kuachwa wazi mpaka uikaushe.

Denmark wana utaratibu wao mezani. Heringi ya siki huja kwanza, na vitunguu vya pete juu, kisha sahani hubadilishwa ili siki isiharibu kinachofuata. Hufuata samaki wengine, halafu nyama, na jibini mwisho. Kamba na samoni wa moshi mara nyingi huwekwa kwenye mkate mweupe, kwa kuwa uchachu wa rai huwafunika. Kila slesi ni mlo wake, na watu hawachanganyi heringi na nyama ya kuchoma kwenye mkate mmoja. Huku kwetu ndiyo kosa la pili tunaloliona: slesi moja inabeba soseji, yai, parachichi, nyanya na jibini, kisha analaumiwa aliyebuni sandwichi ya wazi. Chagua kitu kimoja kikuu, kimoja kikali au chachu, na kimoja cha kutafunika. Basi.

Kwa Arusha chukua boflo ya jana au mkate wa brauni usiokatwa. Kata mshazari, unene wa sentimita 1, kausha kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, ukigeuza katikati. Unataka uso mkavu na ndani pawe na uhai kidogo, usifike kuwa tosti ya kuvunja meno, maana kisu kikigonga kila kitu kitaruka. Acha upoe kabisa ndipo upake siagi. Boflo ina mashimo makubwa, kwa hiyo siagi iwe nyingi kuliko kawaida, gramu 8 hadi 10, izibe mashimo.

Kipendwa kimoja cha Wadenmark ni maini ya kusaga, leverpostej. Waislamu wajue kwamba ya kule kwa kawaida ni ya nguruwe. Ya kuku ni rahisi na haina mashaka: kaanga kitunguu kimoja kwenye siagi kijiko kimoja, tia maini gramu 250, yaive dakika 6 hadi 8 pasibaki uwekundu. Saga kwenye blenda pamoja na siagi gramu 80, chumvi na pilipili manga, weka kwenye friji saa mbili. Kwa uchachu, kata tango moja milimita 2, changanya na siki mililita 100, sukari vijiko viwili vya chakula na chumvi nusu kijiko cha chai, kaa nayo nusu saa, kisha kamua. Paka maini unene wa milimita 5 hadi ukingoni, tango juu. Kilicho kizito na kilichonata kikae chini, chepesi juu. Ukianza na tango, uma wako wa kwanza utaburuta kila kitu.

Halafu muulize mpwa wako juu ya chakula cha kubeba kazini. Utasikia kwamba Wadenmark na Wanorway hubeba slesi hizihizi za wazi kwenye kontena, wakitenganisha safu na karatasi ndogo nyororo zinazouzwa madukani kwa kazi hiyo tu. Inawezekana kwa sababu mkate ni mgumu na kinachopakwa ni kikavu: maini, jibini, soseji nyembamba iliyokaushwa. Tumemwambia mama wa Likoni asithubutu, na hatufuti kauli: nyanya si leverpostej, na Likoni si Oslo.

Tumebishana nyumbani: slesi moja iliyopakwa siagi ni sandwichi ya wazi, au ni mkate tu?
*Msomaji, Nakuru*

Ni mkate na siagi. Lakini msione mnabishana jambo dogo, kwani Marekani limeingia hadi serikalini. Kwa miongozo ya Wizara ya Kilimo ya huko, sandwichi ya wazi yenye nyama inatakiwa iwe na nyama iliyopikwa isiyopungua asilimia 50, ilhali ya kufunika inatosha asilimia 35. Na kiwanda cha sandwichi za wazi za nyama hukaguliwa na wizara hiyo, cha za kufunika hukaguliwa na mamlaka ya chakula na dawa. Slesi moja ya juu inabadilisha mkaguzi. Mwaka 2006 jaji mmoja wa Massachusetts naye alilazimika kuamua kama burito, ile chapati ya Kimeksiko inayoviringishwa na vitu ndani, ni sandwichi, kwa sababu ya mkataba wa kupangisha duka, akaamua kwamba si sandwichi: hiyo inataka slesi mbili. Kwa jaji yule hata smørrebrød ingekuwa mashakani.

Sisi kipimo chetu ni chepesi. Ukikigeuza kifudifudi na hakuna kitu kinachoanguka, hicho ni mkate uliopakwa.

Nataka sandwichi ya chizi ya kuyeyuka lakini sina oveni, nina jiko la mkaa na kikaango. Ya kufunika inaungua nje na chizi bado ngumu. Ya wazi sijui hata nianzie wapi.
*Msomaji, Ng'ambo, Unguja*

Anza na ya kufunika, ndiyo rahisi kwa moto wa chini. Inaungua kwa sababu jibini ni nene na moto ni mkali: mkate unafika kwenye rangi kabla joto halijafika katikati. Usiweke jibini la kipande, likune. Gramu 40 zinatosha sandwichi moja, na ulitoe kwenye friji nusu saa kabla. Paka siagi upande wa nje wa slesi zote mbili. Punguza makaa, yawe yamevaa majivu, na uweze kushikilia kiganja juu ya kikaango kwa sekunde tano hivi bila kukiondoa. Weka sandwichi, funika kwa mfuniko dakika 3, geuza, kisha dakika 2 au 3 bila mfuniko ili ngozi irudi kukauka. Usiikandamize kwa kijiko: jibini litatoka pembeni na kuungulia kwenye kikaango. Jibini gumu lililokaa muda mrefu hutoa mafuta badala ya kuyeyuka. Cheda changa au ya slesi za kiwandani hutii haraka.

Ya wazi inataka moto wa juu, na wewe wa Unguja unaujua moto wa juu kuliko wengi. Fanya kama unavyopika mkate wa kumimina. Chukua sufuria pana yenye mfuniko wa bati ulio bapa. Kwanza kausha slesi upande mmoja kwenye kikaango, kisha igeuze, upande uliokauka uwe juu ndio upokee siagi na jibini. Ukiuacha mbichi, jibini likiyeyuka linaulowesha. Weka slesi ndani ya sufuria juu ya sahani ndogo ya bati ili isiguse kitako, acha makaa matatu au manne tu chini, palia mengi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika 4. Jibini likianza kububujika na kupata madoa ya kahawia, toa.

Kama huna mfuniko wa kubeba makaa, kuna njia ya mvuke. Slesi iliyokaushwa yenye jibini iingie kwenye kikaango, dondosha kijiko cha chai cha maji pembeni, mbali na mkate, funika mara moja, sekunde 40 hadi 60. Jibini litayeyuka ila halitapata rangi. Ukiona chini pamelegea, maji yalikuwa mengi. Nyunyiza pilipili manga, na kachumbari iliyokamuliwa iwekwe sahani ya pembeni, isipande juu ya jibini la moto.